Munyi Anahitaji Barua ya Kufufuka

Kwa miaka ishirini Mwalimu Naftaly alihubiri ufufuo bila tatizo lolote. Tatizo lilianza pale mtu alipofufuka.

Naftaly hakuwa kasisi. Kasisi alikaa Embu mjini, akapanda kijijini Kibugu kwa pikipiki mara moja kwa miezi miwili, kubatiza na kula kuku. Siku nyingine zote kanisa lilikuwa la Naftaly: yeye ndiye aliyepiga kengele, aliyefundisha wanaotaka ubatizo, aliyezika. Na Pasaka ilikuwa yake kabisa. Kila mwaka alipofika pale Mariamu anapoitwa kwa jina lake na kutambua kwamba anayesema naye si mtunza bustani, mwalimu alitoa leso. Wanawake nao walitoa vitambaa vyao. Watu walivuka mto Kapingazi kuja kumwona Mwalimu Naftaly akilia.

Alilia kwa moyo wote. Hakuwa mnafiki wa namna hiyo. Unafiki wake ulikuwa wa namna nyingine, na ulikuwa na tarehe yake.

Ilikuwa mwezi wa Mei, 1954. Homgadi, wale wenyeji waliopewa silaha na serikali ya mkoloni, waliwakusanya wanaume wote wa Kibugu uwanjani, wakawakalisha chini kwa mistari, mikono kichwani. Mbele yao, kwenye kiti, aliketi mtu aliyevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Kila mwanamume alisimamishwa mbele ya gunia hilo. Gunia likitulia, unaenda nyumbani. Gunia likiinama, unapanda lori. Hakuna aliyejua ni nani aliyemo ndani, na kila mtu alimshuku jirani aliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba.

Ndani ya gunia alikuwemo Mwalimu Naftaly. Afisa alimwita asubuhi, akamwambia kwa upole kwamba haiwezekani kanisa zima liwe na watu safi, wasiokula kiapo cha Mau Mau. Kama mwalimu hawajui wachafu, basi huenda mchafu ni mwalimu mwenyewe. Naftaly alikuwa na mke mgonjwa na hofu nyingi. Wanaume tisa walipita, gunia likatulia. Afisa akaguna. Wa kumi alikuwa Munyi wa Njura, seremala aliyetengeneza mabenchi ya kanisa, na gunia likainama.

Kwa nini Munyi? Naftaly alijieleza baadaye, akiwa peke yake, kwamba Munyi alikuwa mtu safi mno hata serikali ingetambua kosa lake upesi na kumrudisha. Ilikuwa hoja nzuri. Ilimtosha kwa wiki mbili hivi.

Mwaka uliofuata chifu alimwita Ednah, mkewe Munyi na mama yake Kagure, akamsomea karatasi kutoka kambi ya Manyani: mfungwa fulani, namba fulani, amekufa kwa homa ya matumbo na amezikwa huko huko. Wakati huo watu walikuwa wamehamishiwa katika kijiji kimoja kilichozungushiwa mtaro wenye miti iliyochongoka, na waliouchimba mtaro walikuwa wanawake. Ednah akapewa nusu siku ya kuomboleza.

Maiti haikuwapo, basi wakazika koti lake la Jumapili. Siku hiyo Naftaly alihubiri kuliko siku zote. Alisema mauti yameshindwa, kaburi halina kufuli, na Munyi atasimama tena akiwa na jina lake. Walipokuwa wakirudi kutoka makaburini, Ednah akamfuata kando.

"Mwalimu, atasimama kweli? Na mwili wake?"

"Na mwili wake, Mama Kagure."

"Na atakumbuka alivyotendewa?"

Naftaly akapangusa uso. "Huko hakuna machozi."

"Sijauliza machozi. Nimeuliza kama atakumbuka."

Akamjibu kwamba hiyo ni siri ya Mungu. Kisha akaandika cheti cha maziko, nakala moja akaipeleka ofisini Embu, akarudi nyumbani na kulala fofofo kwa mara ya kwanza tangu ule mwezi wa Mei. Ungemwuliza, angekwambia hiyo ni amani ya Bwana. Ilikuwa nafuu ya mtu ambaye shahidi wake amekufa.

Munyi aliteremka kutoka kwenye lori Embu mjini siku ya Jumatano kabla ya Pasaka ya 1958, amekonda, hana jino moja la mbele, na karatasi ya kuachiliwa iko mfukoni. Aliambiwa asithubutu kupanda Kibugu bila kipande kipya, yaani kitambulisho, kwa hiyo akaenda ofisini. Karani, kijana nadhifu aitwaye Kinyua, alifungua jalada, akalisoma, akamtazama, akalisoma tena.

"Mzee, hapa umekufa."

"Huko barabarani watu wamenisalimia," Munyi akasema.

"Sikatai. Lakini hapa kuna karatasi ya Manyani, na kuna cheti cha kanisa. Ni karatasi mbili. Wewe unayo moja."

"Na mimi mwenyewe je?"

Kinyua alifikiri. Hakuwa mtu mbaya. "Wewe si karatasi," akasema kwa huruma. "Huyo mwalimu aliyekuzika aandike barua kwamba uko hai, na shahidi mmoja aje hapa atie sahihi. Hapo nitakufufua mara moja."

Ng'ambo ya barabara palikuwa na bucha ya Idrisi, mzee wa Kiislamu ambaye meza yake ya kukatia nyama ilitengenezwa na Munyi miaka mingi nyuma. Idrisi alipomwona aliacha kisu, akatamka jina la Mwenyezi Mungu, kisha akamshika mkono kuona kama una joto. Ulikuwa nalo. Akamkaangia maini, akakaa akimtazama anavyokula.

"Ati wanataka barua?" akauliza Munyi alipomaliza kueleza.

"Ya mwalimu wa kanisa."

Idrisi akacheka. "Sisi dini yetu inasema Isa hakuuawa, Mungu alimwinua kwake. Nyinyi mnasema hapana, alikufa kabisa, akazikwa, akatoka. Haya, mimi nimewaachia. Lakini watu walioamini jambo kubwa namna hiyo, mbona wanakwama kwa Munyi?"

Munyi aliendelea kutafuna. Mdomo ulikuwa umejaa.

"Kesho napanda Kibugu kununua mbuzi," Idrisi akasema. "Utakaa nyuma ya gari. Hao homgadi wa kizuizi cha barabarani hawatazami nyuma. Wanatazama kile nilichowaletea mbele."

Ndivyo ilivyokuwa. Siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, Ednah alikuwa ameinama akichuma majani ya malenge alipoona miguu ya mwanamume mwisho wa tuta. Hakuinua uso. Mwezi ule wote bwana shamba alikuwa akizunguka kuwatisha wanawake ambao hawajamaliza kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko.

"Bwana shamba, nitamaliza wiki ijayo," akasema. "Leo nimepewa saa mbili tu za kutoka."

"Ednah," yule mtu akasema.

Majani yote yakamwanguka.

Aliinuka, akampeleka kibandani kwake, akampa nduma zilizobaki, akahakikisha amezimeza. Kisha akakimbia kwa Mwalimu Naftaly, kwa sababu habari kama hiyo hupelekwa kwa mwenye kazi yake.

Naftaly alikuwa mezani akiandika mahubiri ya Pasaka. Alikuwa amefika pale wanawake wanapoleta habari kutoka kaburini na wanaume wanapoona ni upuuzi. Alikuwa ameandika aya kali sana juu ya ugumu wa mioyo ya wanaume hao.

"Mwalimu! Munyi yuko hai. Nimemwona."

Naftaly akaweka kalamu chini, akamtazama kwa huruma. "Mama Kagure, keti. Huzuni ni kitu cha ajabu. Wakati mwingine macho huona kile ambacho moyo..."

"Amekula nduma tatu."

"Hata hivyo..."

Hapo Munyi akaingia, akiinamisha kichwa mlangoni.

Mwalimu aliruka, chupa ya wino ikapinduka juu ya wale wanaume wenye mioyo migumu. Baadaye alikiri kwamba hakuona furaha hata kidogo. Mtu amefufuka mbele ya macho yake, na wazo la kwanza lililomjia lilikuwa hili: amemwambia nani?

"Nimekuja kwa barua," Munyi akasema, akamweleza maneno ya Kinyua.

Naftaly alichukua karatasi. Akaiharibu kwa madoa ya wino. Akaharibu ya pili.

"Tulia, mwalimu," Munyi akasema. "Nilikujua siku ile ile. Soli za viatu vyako nilizishona mimi mwenyewe kwa mpira wa tairi. Walikufunika kichwa. Miguu hawakuifunika."

Ednah alikuwa amesimama karibu na mlango. "Siku gani ile?" akauliza. Munyi akamtazama mwalimu, mwalimu akatazama viatu vyake, na Ednah akaelewa. Alimtazama Naftaly kwa muda mrefu, akatoka bila kuaga. Hakumsalimia tena kwa mwaka mzima, na hakuna mtu aliyediriki kumwambia kwamba ni wajibu wake.

"Umekuja kunishtaki?" Naftaly akauliza.

"Nimekwambia nimekuja kwa barua."

"Munyi, niliogopa. Mke wangu alikuwa..."

"Najua. Hata mimi niliogopa. Miaka miwili ya kwanza nilikuua kila asubuhi kabla ya uji. Baadaye nikachoka. Watu walikuwa wanakufa pale kila siku, nikaona sitaki kumwongeza mwingine, hata wa kichwani. Nikakusamehe huko huko, maana sikutaka kukubeba mpaka nyumbani, wewe ni mzito. Lakini kusamehe si kusema haikuwa. Ilikuwa. Andika."

Naftaly akaandika. Alipomaliza, Munyi aliisoma pole pole, akasema, "Sasa andika nyingine. Ya M'Ikiara."

"M'Ikiara ni nani?"

"Ndiye uliyemzika."

Akamweleza. M'Ikiara alikuwa Mmeru, mkulima wa viazi kutoka Kibirichia, aliyelala ubavuni mwake Manyani. Homa ilipompata alitetemeka usiku kucha, Munyi akamfunika kwa blanketi lake mwenyewe, lililoandikwa namba yake. Alfajiri Munyi alitolewa kwenda kuvunja mawe. Aliporudi, mgonjwa alikuwa ameshazikwa, na waliozika walisoma namba ya blanketi. Kwa hiyo jioni hesabu ya kambi ilikuwa na Munyi aliyekufa, Munyi aliyesimama kwenye mstari, na M'Ikiara asiyepatikana. Miezi miwili baadaye wakubwa walimpa Munyi namba mpya. M'Ikiara wakamwandika kuwa ametoroka. Kurekebisha karatasi ya kwanza kungeonyesha kwamba kuna mtu aliyekosea.

"Mkewe yuko Kibirichia," Munyi akasema. "Mume wake ni mtoro kwenye vitabu vya serikali. Unafikiri wanamtendeaje? Tutaenda, mimi na wewe. Wewe una pasi ya mtu mwaminifu kwa serikali. Ulifanya kazi ya kuipata."

Jumapili ya Pasaka kanisa lilijaa mpaka nje. Habari zilikuwa zimeenea, na Munyi alikuwa ameketi benchi la nyuma, lile lililokuwa na mguu mbovu tangu alipoondoka. Naftaly alipanda mimbarini bila karatasi. Watu wakatayarisha vitambaa.

"Nimewahubiria miaka ishirini kwamba Yesu alifufuka," akaanza. "Sikuwahi kuwaambia kwamba walioogopa sana habari hiyo ni rafiki zake, wale waliomkimbia na yule aliyesema simjui. Walijifungia ndani. Nilidhani waliwaogopa askari. Sasa nadhani walimwogopa yeye. Ukimwacha mtu afe, hufurahii kusikia kwamba amerudi, mpaka usikie atakavyokusalimia." Akashika kingo za mimbari. "Mimi ndiye niliyekuwa ndani ya gunia."

Kisha bibi Ciakuthii, aliyekaa mbele kwa sababu ya masikio yake, akasema kwa sauti, "Amina! Sisi sote tumo ndani ya gunia!" Kanisa zima likaitikia amina, na vitambaa vikatoka. Ulikuwa mfano mzuri kuliko ule wa mtunza bustani.

"Si mfano," Naftaly akasema. "Gunia. La katani. Pale uwanjani, mwaka wa hamsini na nne. Nilimwinamia Munyi."

Vitambaa vikasimama hewani. Mkuu wa kijiji akainuka, akatoka nje kwa hatua za haraka. Lakini jambo ambalo Munyi alilisimulia mara nyingi baadaye ni kwamba, kwenye mabenchi matatu tofauti, wanaume watatu tofauti walianza kuchunguza sakafu kwa makini. Uwanja ule ulikuwa umetumika zaidi ya siku moja.

Munyi akasimama. Watu wakageuka, wakingoja neno kubwa.

"Amani kwenu," akasema. "Mwalimu amesema, na mimi nimesikia. Tuimbe. Mabenchi haya niliyatengeneza ya kukaliwa saa moja tu."

Siku ya Jumanne wazee wa kanisa walikutana. Jambo la gunia walilisamehe kwa dakika tano, bila mtu kuuliza swali hata moja. Saa tatu zilizobaki walijadili kosa la kuleta mambo ya serikali mimbarini, wakamsimamisha Naftaly kuhubiri kwa miezi mitatu. Hivyo wakampa nafasi ya kusafiri.

Waliteremka Embu. Idrisi alifunga bucha akaenda nao ofisini kuwa shahidi. Kinyua alisoma barua ya mwalimu, akaridhika, akamgeukia mchinjaji.

"Unathibitishaje kwamba mtu huyu yuko hai?"

"Alikula maini sahani nzima, akaomba mchuzi," Idrisi akasema. "Mzimu hauombi mchuzi."

Kinyua akaandika hayo neno kwa neno, akaigonga muhuri barua hiyo na ile ya M'Ikiara, na Munyi akawa hai kuanzia saa tano na nusu asubuhi.

Wawili hao walipata lori la mbao mpaka Meru, na kutoka Meru wakapanda kwa miguu hadi Kibirichia, ambako baridi ya mlima inauma masikio na udongo ni mweusi. Walimkuta Nkirote, mkewe M'Ikiara, akipanga viazi ghalani. Lango la ghala lilikuwa limetobolewa tobolewa kwa mikuki. Kila wiki kwa miaka mitatu homgadi alikuja kumsaka mtoro. Alichoma viazi kwa mkuki, akanywa uji, akaenda zake.

Munyi alieleza kila kitu akiwa amesimama, kofia mkononi. Nkirote alisikiliza huku akiendelea kupanga, vikubwa huku, vya mbegu kule. Munyi alipofika penye blanketi, mikono ya Nkirote ikasimama.

"Serikali yenyewe iliniambia yuko hai," akasema. "Kila wiki wanakuja kuniambia yuko hai. Nilikuwa nawaombea baraka, hawa wanaonitobolea viazi, kwa sababu wao ndio peke yao waliosema atarudi."

Hawakuwa wamefikiria hilo. Walidhani wanamletea uhuru. Walikuwa wamekuja kumfisha mtu.

Nkirote akamgeukia Naftaly. "Wewe ni mtu wa kanisa?"

"Ndiyo, mama."

"Huyu alirudi. Wangu kwa nini asirudi?"

Miaka mitatu nyuma Naftaly angekuwa na mahubiri tayari. "Sijui," akasema.

"Lakini mnasema atafufuka."

"Tunasema. Na mimi naamini, mama. Zamani niliamini kwa sababu ilikuwa mbali, hainihusu mimi leo wala kesho. Kisha huyu akaingia mlangoni kwangu. Sasa najua kwamba hakuna mtu unayeweza kumzika yakaisha. Hilo linanitisha sana. Lakini kama si kweli, mumeo ni namba ya mtu mwingine iliyotupwa shimoni, na basi. Mimi nimekataa iwe basi. Ndiyo maana nimekuja na jina lake."

Akatoa barua. Nkirote hakujua kusoma. Aliomba aonyeshwe mahali jina lilipo, akaweka kidole juu yake. Kisha akamwuliza Munyi, "Alisema nini?"

"Aliuliza kama mvua imenyesha huku. Nikamwambia imenyesha. Sikujua, lakini nilimwambia."

"Ilinyesha," Nkirote akasema. "Mwaka ule ilinyesha vizuri." Ndipo akalia.

Adhuhuri homgadi wa zamu alifika na mkuki wake, mwanamume mzee aliyetahiriwa mwaka mmoja na M'Ikiara. Naftaly alimsomea barua. Yule mzee alisikiliza, akauliza kama ina muhuri, akaambiwa inao. Akasimama pale kana kwamba amefukuzwa kazi. Mwisho akaegemeza mkuki ukutani, akavua kofia, akaketi chini pamoja na wenye msiba.

Nkirote akasema anataka wimbo.

Naftaly akauanza ule wa maziko, lakini mwanamke akainua mkono. "Huo hapana. Nataka ule wa Pasaka. Pasaka imepita wiki moja tu."

Naftaly aliuanza, sauti ikamkatika kwenye mstari wa pili. Munyi akaupokea kwa Kiembu, na lile pengo la jino likapiga mluzi kila alipolitaja jina la Yesu. Nkirote akaimba kwa Kimeru. Maneno hayakulingana kabisa. Nkirote alipofika mwisho wa ubeti, wenzake walikuwa bado wako katikati, ikabidi awangoje.